Mwalimu Aliyekataza Neno "Kichaa"

Mwalimu Esnath Ambindwile anastaafu rasmi tarehe 30 Septemba 1998, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minane ya ualimu. Ishirini na minne kati ya miaka hiyo ameimalizia hapa Sekondari ya Itulwe, akifundisha Historia katika chumba cha mwisho, ambacho mvua ya Tukuyu ikipiga bati hakuna mwalimu mwingine anayesikika humo. Yeye husikika.

Alizaliwa Ikuti mwaka 1943. Alianza kazi Januari 1965 katika shule ya msingi ya kijijini kwao, akaenda kusomea stashahada, na mwaka 1974 akaripoti Itulwe akiwa na sanduku la bati na mkungu wa ndizi. Mimi, Amri Hasheem wa Jiografia, nilimkuta mwaka 1977. Siku yangu ya kwanza alinionya nisikae kwenye kiti cha karibu na dirisha katika ofisi ya walimu, kwa kuwa mguu wake mmoja ulikuwa umelegea. Nilidhani ananitania mgeni, nikakaa. Mengine waliokuwepo wanayajua.

Yapo mambo ya furaha mengi ya kusimulia, lakini Mwalimu Esnath tunayemuaga leo alipatikana katika wiki moja ngumu ya Machi 1979. Mdogo wake, Lazaro, aliyekuwa askari, aliuawa vitani Uganda. Baada ya msiba Mwalimu alirudi darasani, na Kidato cha Tatu wakamuuliza vita vile vilianzaje. Akaandika ubaoni kwamba vilianzishwa na kichaa. Msichana mpole wa kutoka Kiwira, Beatrice, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama ni kichaa, mbona alijua kutuvizia?"

Alimtoa nje. Siku mbili hakunywa chai nasi ofisini. Siku ya tatu alimwita Beatrice mbele ya darasa zima, akasimama naye bega kwa bega.

"Nilikutoa nje kwa sababu uliuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa naliogopa. Nisamehe."

Kisha akawaambia wanafunzi kwamba kiongozi tukishamwita kichaa tunaacha kumchunguza, na tusipomchunguza, wa pili atatukuta vilevile. Tangu siku hiyo neno "kichaa" halijapata alama katika mtihani wake. Aliyetaka kueleza vita ilimpasa aseme yule mkubwa aliogopa kupoteza nini, alitegemea kupata nini, nani alimdanganya, na ni nani nyumbani kwake ambaye mbele yake mkubwa huyo asingethubutu kuonekana mnyonge. Hakuwa akimtetea mtu. Siku zote alisema kwamba kuelewa hesabu ya adui si kumsamehe.

Mfano wake uliopendwa ulikuwa wa mto Kiwira wakati wa mafuriko. Mwenye ng'ombe wote salama hungoja maji yapungue. Ambaye wawili wamekwisha kuchukuliwa na maji huingia kumfuata wa tatu, na mara nyingine hutoka maiti. Wote wawili wana akili timamu, alieleza, ila wa pili anapima hatari kwa kutazama alichokwisha kupoteza. Basi mwogopeni zaidi kiongozi anayeshindwa kuliko anayeshinda, na msimzibie njia ya kurudi.

Kila mwaka aligawa Kidato cha Nne kuwa nchi mbili za kubuni zinazogombea kisiwa, kila moja na rais wake na mawaziri. Mwaka 1987 nchi moja ilitangaza vita ndani ya dakika nane, kwa sababu tu upande wa pili ulimcheka rais wao. Mwalimu hakuwagombeza. Aliwapa majina ya askari ishirini wa kubuni, akawaagiza kila mmoja aandike barua kwa mama wa mmoja wao. Habari za barua zile ziliwafikia wa Kidato cha Tatu. Mwaka uliofuata hakuna nchi iliyopigana. Walijadiliana mpaka kengele ya chakula ikawapita.

Mwaka 1993 somo lilitoka darasani. Wazazi walikuwa wameanza kuchangia gharama, na watoto, wakijua wazazi wao wanalipa, hawakukubali tena maharage yenye wadudu. Waligoma, wakaapa mbele ya wote kutoingia darasani mpaka mtunza stoo aondolewe. Mkuu wetu wa wakati huo, Mwalimu Nelson Mwaipaja, naye akatangaza kwenye paredi kwamba ambaye Jumatatu hatakuwa darasani amefukuzwa, na polisi wataitwa. Kidato cha Nne kilikuwa na wiki tano tu kabla ya mtihani wa taifa.

Mwalimu Esnath alikwenda kwa mkuu Ijumaa. Mimi nilikuwepo. Mkuu alimwambia kwamba akirudi nyuma leo, kesho hatakuwa na shule ya kuongoza. Mwalimu hakubishana naye. Aliuliza jambo moja tu.

"Mkuu, kama Jumatatu hakutakuwa na kipindi kabisa, nani atakuwa amekuasi?"

Kisha mkuu akavuta karatasi, akamwandikia bwana afya wa wilaya. Jumatatu asubuhi bwana afya alifika na pikipiki yake, akakagua stoo, akaifunga na kuchukua funguo kwa mtunza stoo, akaamuru magunia yatolewe na jiko lisafishwe. Vipindi vikaahirishwa. Wanafunzi na walimu walisugua sufuria pamoja. Jumanne watoto waliingia darasani, hakuna aliyeshindwa wala aliyefukuzwa. Mtunza stoo alihamishwa kimyakimya likizo ilipofika. Tulipompongeza, Mwalimu Esnath alikiri kwamba usiku wa Jumapili hakulala: pikipiki ya bwana afya ingeharibika njiani, watoto mia tatu wangekuwa wamepotea kwa ushauri wake. Naye alikuwa amebahatisha. Hakutaka tusahau hilo.

Agosti mwaka huu, vita vilipozuka tena Kongo, wanafunzi walimletea magazeti manne, ambayo sasa hufika kwa basi kutoka Mbeya yakiwa yamechelewa siku moja na yakipingana. Walitaka awaambie kiongozi gani kakosea. Alisoma yote manne, akavua miwani, akasema hajui. Aliwagawia magazeti yale, kila kundi na kiongozi wake, wakachunguze. Mwalimu Felista, atakayerithi chumba cha mwisho, alikuwa ameketi nyuma akiandika. Majibu atayapokea yeye.

Mwalimu Esnath anarudi Ikuti kwa mumewe, Mzee Ezron, na shamba la chai ambalo amekuwa akilipalilia Jumamosi tu. Kwa niaba ya walimu na wanafunzi wa Itulwe, asante kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kulaani, na kwa kuomba radhi mbele ya watoto, jambo ambalo wengi wetu bado hatujaliweza. Mungu akupe afya, mavuno na wajukuu wabishi. Ndaga fijo, asante sana, Mwalimu wetu.