Dawa Anayokunywa Hanad

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Abdimalik, wewe mkubwa, kaa hapa upande wa kichwa; Osob, kaa miguuni kama ulivyozoea; na wewe Munyao, rafiki yangu tuliyefundisha naye shule moja hapa Garissa tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, usiondoke, maana nasema Kiswahili kwa ajili yako, na hata neno ninalotaka kulinyoosha leo ni la Kiswahili.

Nianze na mali, kwa kuwa habari yake ni fupi. Nyumba hii na ngamia walioko Hulugho vitagawanywa kama Mwenyezi Mungu alivyogawanya, na mimi sina ruhusa ya kumwongezea mrithi wala kumpunguzia. Nimesikia, Abdimalik, ukisema kwamba fungu la mdogo wako Hanad ulishike wewe mpaka apate akili. Hutalishika. Hanad ana akili yake kamili huko Mombasa aliko, na ngamia wake atawachagulia mchungaji mwenyewe.

Katika theluthi niliyoachiwa niwape wasio warithi, Munyao apewe ngamia jike mmoja mwenye maziwa. Mnamsikia? Anasema, “Mwalimu, huyo ngamia atanila mimi kabla sijamkamua.” Basi muuze, Mkamba wee, lakini kwanza umpokee mkononi mwangu.

Sababu ya kumpa mnaijua nusu nusu, na ndiyo maana nataka kuieleza kwa mpangilio wake. Hanad alianza kwa kusindikiza malori ya ng’ombe kutoka soko letu la mifugo hadi Mombasa. Huko, katika kungoja wanunuzi, alionjeshwa unga, ile heroini, na safari zilizofuata akawa hafuati ng’ombe tena, anafuata unga. Aliporudi hapa amekonda, jamaa walifunga milango, na aliyemketisha kwenye gari lake akamrudisha pwani mpaka kwenye kliniki ya methadoni alikuwa Munyao, ambaye si wa ukoo wala wa dini yetu. Pale kliniki akapewa kikombe kidogo cha dawa hiyo, akanywa mbele ya muuguzi, kesho yake akanywa tena, na hivyo hivyo kila siku ya Mungu, kwa kipimo kilichopandishwa polepole mpaka mwili ukaacha kuudai unga. Akapata kazi ghalani. Akaanza kunenepa. Akanitumia picha yake amevaa kanzu, na mimi nikaitazama mpaka Osob akaninyang’anya simu akaichaji.

Kisha ikaja Idd ile. Kliniki ilimruhusu siku mbili, akaja, nami kwa bahati mbaya nilikuwa Eldas kwenye taazia ya shemeji yangu, barabara imekatwa na mvua. Yaliyotokea humu ndani nimeyapata kwenu wenyewe. Abdimalik, kwa mapenzi, sikatai, ulimuuliza mbele ya wazee, “Umeacha dawa?” Naye, kwa kuwa hajui kudanganya, akajibu, “Hapana, walaal, ndugu yangu, nakunywa dawa kila siku.” Ninyi mkasikia madawa ya kulevya, yeye akiwa anasema dawa ya kutibu. Mkaleta msahafu, mkamwekea mkono, akaapa kwamba hatagusa tena dawa ya aina yoyote. Na mtoto wa watu akakitii kiapo kama mlivyokitamka. Alirudi Mombasa, lakini kliniki hakurudi. Mwili ulimtetemesha, ukamnyima usingizi, ukamtapisha, na kabla wiki ya pili haijaisha alikuwa ameurudia unga, akaokotwa barazani hajitambui. Neno moja, Abdimalik. Neno moja lenye maana mbili lilitaka kunizikia mwanangu.

Usiiname. Sikukuita hapa nikuaibishe. Mimi nameza vidonge vya presha kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kuniapisha niviache ili aone kama nina imani. Nataka tu uione dawa ya ndugu yako kama unavyoiona hii yangu.

Kliniki ilimpokea tena, ikamwanzisha upya kwa kipimo kidogo, na leo yu salama. Lakini haji. Anasema amevunja kiapo cha msahafu na hawezi kukanyaga zulia aliloapia. Tangu hapo, kila jioni basi litokalo Mombasa likipita Madogo na kuvuka daraja, honi yake inanifikia hapa kitandani, nami nahesabu kimoyomoyo muda wa mtu kushuka, kuchukua begi, kupita sokoni, kugeuka kona ya msikiti. Halafu kona inabaki kimya. Nimezitamani hatua zake, wanangu, zile za mguu mmoja kuburura kandambili, kuliko ninavyoitamani afya yangu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Toeni katika theluthi yangu chakula cha maskini kumi, iwe kafara ya kiapo kile kwa niaba yake, mwambieni, aridhie. Kisha wewe Abdimalik, uliyemwapisha, umfungulie kiapo hicho kwa mdomo wako. Na tangu leo, katika nyumba hii, unga uitwe unga.

Osob, maji. Kidogo. Inatosha.

Nikifa, mnizike siku hiyo hiyo, msimngojee. Msimwambie mtu yeyote wa Mombasa kabla yake. Yeye hunipigia kila asubuhi akitoka kliniki, lakini siku nyingine hupiga akiwa bado njiani kwenda, kwa kunitamani tu. Akisikia msiba kabla hajanywa, atapanda basi papo hapo, na njia ni ndefu, na huku kwetu hakuna wa kumpa kikombe. Msinifanye mimi niwe sababu. Aje baada ya kupanga na kliniki yake, hata kama udongo wangu utakuwa umekauka. Nitakuwepo.

Mungu akuweke, Osob, kwa usiku wote uliokesha nami. Mungu akuzidishie, Munyao, mahali ulipojazia pengo la damu yangu. Abdimalik, Mungu akupe ulaini katika ulimi wako... simu yangu uishike wewe. Ikilia, uipokee. Usilie kwanza. Utamuuliza nini kwanza? Niambie, nisikie.

“Umekunywa dawa, walaal?”

Ndiyo. Akisema bado, mwambie akanywe, kisha apige tena. Akisema amekunywa... ndipo. Rudia, mwanangu. Polepole zaidi. Useme kama unavyomwita aje kula.