Elieza Ndahani, Mgogo Aliyemlilia Mtu Mzima

Tarehe 30 Juni 1983, baada ya miaka ishirini na mmoja ya kuwauguza watu wa Tabora na Urambo, Bwana Elieza Ndahani anavua koti lake jeupe. Tumekubali shingo upande.

Alishuka stesheni ya Tabora mwaka 1962, Mgogo wa Mpwapwa, mwembamba, na sanduku lake la bati. Sisi Wanyamwezi tulimpokea kama watani wanavyopokeana: tulimlalamikia hongo ambayo wazee wake waliwatoza babu zetu walipopita Ugogo na mizigo ya pwani. Akajibu kwamba hongo yenyewe ilikuwa ndogo mno kwa kelele tulizopiga. Tangu siku ile akawa wetu.

Alifanya kazi wodini, akazunguka na chanjo hadi Puge, akafundisha wauguzi wapya, nikiwemo mimi. Lakini ukitaja jina lake Urambo, watu watakusimulia habari za mwaka 1978, alipokabidhiwa wagonjwa wa kifua kikuu katika kijiji kimoja cha ujamaa. Utaratibu mpya ulitaka mgonjwa ameze vidonge mbele ya muuguzi, kisha aachame na kuinua ulimi. Lo! Watu wazima wenye wajukuu wakaguliwe mdomo kama ng'ombe wa mnadani? Wengine walinuna. Wengine walisema wazi kwamba tunawaona waongo. Elieza aliwatania mmoja mmoja hadi wakacheka, na mdomo wa anayecheka, alituambia, umekwisha kufunguka.

Aliyemshinda ni Damas Kasanda, mkulima wa tumbaku. Alikuja wiki chache, akaacha. Mkewe Katarina akatufuata akilia kwamba mumewe anakohoa damu na watoto bado wadogo. Baadhi yetu tulishachoka naye, tukasema ni mkaidi, aachwe. Elieza alikataa katakata. Akapanda baiskeli.

Alipofika alimkuta Damas amekaa kwenye kigoda uani. Hakumsalimu. Alijifunga khanga ya Katarina, akajibwaga chini, akaanza kumlilia Damas huyohuyo anayemtazama. Alidai kurithi jembe na kofia. Aligomba kwa nini msiba hauna hata uji. Hayo ndiyo mambo ya mtani msibani, ila mtani huyu hakungoja mtu afe! Majirani walijaa. Damas alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akalia, na hapo ndipo aliposema ukweli.

Dawa haikatai, alisema. Tatizo ni mama mkwe. Zamani bibi huyo aliishi mbali. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nyumba zao zikatazamana, na sasa wote wawili ni wagonjwa wa foleni moja. Kwetu mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake, sembuse kumwachamia mdomo na kumwonyesha ulimi! Afadhali afe na heshima yake. Tulipomuuliza bibi, kumbe naye alikuwa akikwepa siku nyingine kwa aibu ileile.

Elieza hakumhubiria mtu. Alikata matete, akajenga uzio nyuma ya zahanati: wanaume upande wake, wanawake upande wangu. Kesho yake Damas alikuja. Akaendelea kuja, masika na kiangazi, hata wakati wa kuchuma tumbaku, mpaka tulipomwambia inatosha.

Leo yeye na mama mkwe wamepanda treni kuja kukuaga, Bwana Elieza. Humu ukumbini mmoja amekaa mlangoni, mwingine kule mwisho kabisa dirishani, wamepeana mgongo kama adabu inavyotaka, na wote wawili wanapumua vizuri.

Asante, mtani. Tunakupenda, na leo tunalisema bila utani. Nenda Mpwapwa ukapumzike na mama watoto, ule mlenda wako kwa raha. Siku ya kukulilia tutakuja kweli, tutavaa suruali zako na kugombania kofia. Lakini tafadhali sana, tucheleweshe.