Pembetatu Iliyoinama

Wapendwa, mmezoea kuniona hapa mbele nikisoma matangazo. Leo sina tangazo. Mwenyekiti wetu ameniomba niseme jinsi Mungu alivyonitoa kwenye ukimya, nami nimekubali, ingawa kuna sehemu ningependa kuzificha.

Sote katika chumba hiki tumezika mume au mke. Kwa hiyo sitawaeleza nyumba inavyokuwa watu wa matanga wakishaondoka. Nitasema la kwangu tu. Nilifundisha hesabu shule za msingi hapa Kibirichia, na hata baada ya kustaafu niliendelea kufanya hesabu kwa raha, kama wengine wanavyocheza drafti. Kila jioni mke wangu alikuwa akiketi kwenye kigoda chake jikoni, akimenya viazi na kuniuliza, "Mwalimu, leo kuna hesabu gani?" Yeye hesabu hakuipenda hata kidogo. Aliuliza kwa sababu alinipenda mimi. Nami nilieleza mpaka viazi vikaiva.

Alipofariki, nilibaki na majibu bila mtu wa kuniuliza.

Binti yangu anaishi mbali. Aliniunganisha na kundi moja kwenye simu, la watu wanaopenda hesabu, wengi wao wa huku Meru na Embu. Kulikuwa na mama anayeuza mboga Runyenjes, na ndugu mmoja Mwislamu mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Maua. Mtu akikwama, anapiga picha ya swali na wengine wanamsaidia. Mtu akiona kitu kizuri mtandaoni, labda video ya somo au programu ya bure ya kuchora grafu, anatutumia sote. Yule wa Maua ndiye aliyetuletea programu ya maumbo: unachora pembetatu kwenye simu, unashika kona yake kwa kidole, unaivuta, na umbo lote linasogea. Mimi niliandika kwamba hiyo ni ya kuchezea. Kwangu mwalimu ni chaki na rula.

Siku moja mama wa Runyenjes akauliza kwa nini eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Nilifurahi sana. Nikachora kwa rula, kilele katikati kama paa la nyumba. Nikateremsha mstari wima kutoka kileleni hadi kwenye kitako, zikapatikana pembetatu mbili ndogo, kila moja nusu ya mstatili wake. Jumlisha hizo mbili, umemaliza. Chini yake nikaandika kwamba maelezo hayo yanatosha kwa pembetatu zote.

Yule wa Maua akajibu kwa adabu. "Mwalimu, kwa heshima. Ukivuta kilele kikainama mpaka kipite mwisho wa kitako, ule mstari unaangukia nje. Hapo hakuna mbili za kujumlisha." Akatuma na mchoro.

Ndugu zangu, nawaambia, nilijua yuko sawa kabla sijamaliza kusoma. Miaka yangu yote ubaoni nilikuwa nimechora pembetatu ile ile moja, imesimama kama paa, na watoto wa watu wakainakili. Badala ya kushukuru, nilimwandikia, "Wewe uza misumari, hesabu utuachie walimu." Kisha nikajitoa kwenye kundi. Hakuna aliyenifukuza.

Ikapita miezi. Nilifanya hesabu peke yangu katika daftari na kujisahihishia kwa kalamu nyekundu. Mwalimu mimi, mwanafunzi mimi. Msimu wa mvua ulipokuja, wiki nzima haikuingia sauti ya mtu nyumbani kwangu isipokuwa ya redio. Kila asubuhi nilimwomba Mungu aniletee mtu wa kuzungumza naye, na mlango nimeufunga mwenyewe. Hapa nilikuwa nikija, mkiniuliza habari nasema nzuri, nasoma matangazo, naenda zangu.

Basi alasiri moja nimetoka kupalilia viazi, nikafungua ile programu niliyoidharau. Nikavuta kilele. Kikainama, kikapita mwisho wa kitako. Nikakirudisha, nikakivuta tena. Ndipo nikaona. Mstari ukiangukia nje, unapata pembetatu moja kubwa, na ndani yake kipande cha pembeni ambacho si chako. Hujumlishi. Unatoa. Na jibu linabaki lile lile.

Niligeuka jikoni nimwambie mtu. Kilikuwepo kigoda chake tu.

Nikashika kalamu nyekundu nijiwekee tiki, nikashindwa. Lililonijia si hesabu tena. Nilikumbuka kwamba miaka yote ile yeye ndiye aliyeuliza. Mimi sikumbuki jioni hata moja niliyoanza kwa kumuuliza yeye siku yake ilikuwaje. Hata kwenye kundi nilikuwa wa kujibu tu. Nikapiga magoti pale pale jikoni, na kwa mara ya kwanza sikuomba kuletewa mtu. Niliomba nguvu za kwenda.

Kesho yake nilisafiri hadi Maua. Nikaulizia duka, nikaingia, nikamwambia mwenyewe kuwa mimi ni yule mwalimu wa Kibirichia na nimekuja kuomba msamaha.

Akanitazama. "Mzee, sisi tulidhani umekufa."

Kisha akacheka. "Na ni kweli nauza misumari. Nikupimie kilo ngapi?"

Akanikalisha juu ya mfuko wa simiti, akaagiza chai. Jibu nilikuwa nalo mfukoni, nimelichora vizuri. Nikaliacha humo humo. Nikamuuliza, "Ile pembetatu iliyoinama, wewe baadaye uliifikiriaje?" Akachana katoni, akachora, akakwama. Wateja wakaja, akawahudumia, akarudi kuchora. Mnajua walimu: kunyamaza kulinitoa jasho. Mwishowe akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Kumbe unatoa." Siku hiyo hiyo akanirudisha kwenye kundi.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Namshukuru binti yangu, na mama wa Runyenjes kwa swali lake, na ndugu yule aliyenipa chai badala ya maneno niliyostahili. Sitawadanganya kwamba nyumba imejaa. Kigoda kipo palepale na jioni bado ni ndefu. Ila sasa nikiketi, mimi ndiye ninayetangulia kuandika kwa mmoja wao: leo kuna hesabu gani? Kisha nasoma jibu lote mpaka mwisho.

Tuliofiwa tunangoja kuulizwa. Nimejifunza kwamba naweza kuanza mimi. Dada uliyejiunga nasi juzi, uliyeketi pale karibu na dirisha, sijui kama unapenda hesabu, au kushona, au kuku. Tukimaliza sala nitakuja hapo ulipo. Nitakuuliza.