Micah Kimaiyo, Aliyemvusha Biskuti

Marehemu Micah Kimaiyo alizaliwa Njoro mwaka wa 1916, kifungua mimba wa mama yetu. Tarehe hakuna aliyeiandika. Ile ya Machi 3 iliyo katika cheti chake cha ubatizo aliichagua mwenyewe, kwa sababu wakati huo mahindi hayajapandwa na watu wana nafasi ya kumtembelea. Mimi dada yake, Chepkosgei, nilimwambia huo ni ujanja, naye hakukataa.

Alisoma miaka mitatu katika shule ya misheni. Mwalimu alimwambia mama kwamba mtoto ana akili, ila ameiacha yote kwa punda wa kuteka maji.

Mwaka wa 1934 aliajiriwa kuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba la Bwana Peterson juu ya Elburgon. Desemba 12, 1942, alimwoa Chelangat, akiwa amevaa koti la sufu alilonunua Nakuru. Koti hilo mnalifahamu. Wengine wenu mmelinusa.

Mwishoni mwa Agosti 1955 farasi jike aitwaye Biskuti aligoma kwenye daraja la mbao linaloelekea kiwanda cha mbao, akamtupa Bwana Peterson mtoni. Bwana akaamua apigwe risasi. Micah alisimama mbele ya farasi na kusema, "Nipe mwezi mmoja tu. Asipovuka, mimi pia nitaenda." Chelangat alikuwa na mimba, na nyumba ilikuwa ya shamba. Alikasirika, na alikuwa na haki.

Micah hakumpiga Biskuti wala kumvuta. Alilaza mbao kwenye nyasi, kisha gogo, kisha turubai lililopigwa na upepo. Juu ya kila kitu alitandika koti lake, farasi akanusa harufu anayoijua. Kisha alitangulia, akampa mgongo na kungoja, hata kama ni asubuhi nzima. Alisema ukimtazama farasi anajua una wasiwasi. Chelangat, akimpelekea chai, alimwambia, "Mimi hukuningoja hivyo hata siku moja." Ulikuwa utani wao wa kwanza tangu Agosti.

Ijumaa, Septemba 30, Bwana alikuja darajani, na wafanyakazi wa kiwanda wakaacha misumeno waje kuona. Micah alitandika koti. Biskuti alinusa, akarudi nyuma. Akaletwa tena, akarudi tena. Hapo ndipo Chelangat alipojishika kichwa: usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amelifua kwa sabuni na kulikausha kwa moto, ili mume wake apendeze mbele ya watu. Micah hakumlaumu. Alivua shati, akalilaza juu ya mbao, akapita kifua wazi katika baridi ile ya Elburgon, bila kugeuka. Biskuti alimfuata hadi ng'ambo. Bwana alivua kofia. Sisi tulicheka hadi tukalia, na koti halikufuliwa tena.

Februari mwaka huu kifua kilianza kumsumbua. Hakutaka kulazwa, akisema Biskuti hajazoea mtu mwingine. Alipozidiwa alipelekwa hospitali ya Nakuru, na huko akaaga dunia Jumanne, Juni 16, 1959. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Msimvute." Tumemlilia sana, na bado hatujamaliza.

Ameacha mjane, Chelangat. Binti zake wawili, Chepngeno na mdogo wake aliyezaliwa mwaka wa daraja. Nami dada yake. Ameacha pia Biskuti, ambaye tangu Jumanne alikuwa amekataa kutoka zizini.

Wazee waliuliza kwa nini hatumziki na koti lake la harusi. Ni uamuzi wa Chelangat. Leo alfajiri Chepngeno alilitandika kwenye kizingiti cha zizi, akageuza mgongo na kungoja. Biskuti alitoka. Ndiye huyo mnayemwona pale nje ya ua.

Lala salama, kaka. Hatutamvuta, na koti hatutalifua.