Maiti Bila Sanduku

Haya, zamu ya kusimulia imenifikia na sina pa kujificha. Wamama wa mtaa wetu wa Mudzipela, na ninyi wababa wachache mliokuja kutusikiliza au kutuchunguza, Mungu awape amani. Wengi mnanijua kama yule mama anayeshona. Mnajua na hasira zangu, maana mnaacha nguo zenu kwangu mpaka zinashika vumbi, halafu vumbi lenyewe mnalidai kwangu. Lakini kabla sijawa mama anayeshona, nilikuwa na jina lingine hapa Bunia, mke wa askari, na wamo humu ndani walioniita jina hilo mbele ya watoto wangu. Sitamtaja mtu. Wengine wao leo ndio wanaonichekesha sokoni, kwa hiyo tulieni kwenye viti vyenu.

Mimi ni mtu wa Arua. Vita ilipoingia Uganda na rais wa wakati ule, mtu wa upande wetu, akakimbia, askari wake walipita kwetu wakirudi nyuma, na waliowafukuza wakaja na hasira. Hawakuuliza nani askari, nani fundi wa nguo. Ukiwa mtu wa upande wetu, tena Muislamu, hesabu yako imekwisha. Mume wangu alikuwa fundi wa nguo. Maisha yake yote chuma alichoshika ni mkasi na sindano. Tulivuka mpaka kwa miguu, yeye na cherehani kichwani, mimi na watoto. Tukapumzika Ariwara, na pale mtu mmoja akatuambia tushuke Bunia, kwamba mjini watu hawaulizi sana.

Mtu yule alitudanganya. Hapa tuliulizwa mpaka tukachoka.

"Weye ni mutu ya wapi?" Nikisema Arua, swali la pili lilikuwa tayari: "Bwana yako ni mwanajeshi?" Nikisema ni fundi, wanatazamana. Waislamu wote waliotoka ng'ambo walikuwa askari wa yule rais, na wake zao walikuwa wake wa askari, na kila tulichobeba kilikuwa cha wizi, hata cherehani. Pale kwenye bomba la maji, nikiweka ndoo yangu kwenye foleni, mwenye ndoo ya mbele anaivuta pembeni isigusane na yangu. Maji ni yaleyale, bomba ni lilelile. Nilirudi nyumbani nikitaka kupigana. Mume wangu ananiangalia, anakanyaga cherehani yake, anasema, "Watatuzoea."

Kabla hawajamzoea, kifua kikamkamata. Alikohoa msimu mzima wa mvua, akakonda, mpaka kukanyaga cherehani kukamshinda. Asubuhi moja akafariki, mkono wake umo ndani ya wangu.

Ndugu zangu, nawaambia, kufiwa ugenini ni kitu kingine kabisa. Lakini yaliyofuata yaliniumiza kuliko kifo chenyewe, kwa hiyo mnisikilize vizuri.

Kwetu Waislamu maiti hasubirishwi. Aliyekufa asubuhi, jua lisimzamie. Mwalimu wetu wa msikiti alikuja na wanaume wachache, wakamwosha, wakamvika kitambaa cheupe, wakamlaza kwenye kitanda cha kubebea maiti na kumfunika shuka. Wakamswalia, wakaenda kumzika. Kitanda kikarudi, kwa sababu ni mali ya msikiti, hakizikwi na mtu. Mimi sikwenda, wanawake wetu hawaendi makaburini na maiti. Nilibaki ndani na wanangu, kimya. Nilifundishwa tangu utoto kwamba mfiwa hapigi kelele, anasubiri kwa Mungu wake. Nilibana meno nikasubiri.

Sasa ninyi mnajua jambo ambalo mimi sikulijua. Hapa mtaani kwenu kifo kina sauti zake. Kwanza wamama wanapiga kilio, kisha fundi seremala anaanza kupigilia sanduku, na kwa nyundo ile mtaa mzima unajua. Halafu watu wanakuja na kuni, na unga, na mikeka, wanalala na maiti, wanamwimbia. Jua lilipoinama siku ile, habari ikawa imeenea kwamba fundi amekufa, na watu wakaja. Ndiyo, hata wale wa kuvuta ndoo. Wa kwanza alikuwa jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta wa matete tu. Mjane mtu mzima, mtu wa Mahagi, Mkatoliki wa kwelikweli, ndiye aliyekuwa akiwaongoza wamama wa parokia katika kila msiba. Alitua mzigo wake wa kuni mlangoni.

"Iko wapi?"

"Nani, mama?"

"Maiti. Tulikuya kulala naye."

"Tumeshamzika."

Nikaona uso wake unafungwa. "Mulimuzika? Leo hii? Na nani alimulilia?"

"Sisi hatupigi kelele, mama. Dini yetu..."

Hakungoja dini yangu iishe. Aliinama, akabeba kuni zake, akarudi kwake. Na wote waliokuwa nyuma yake wakageuka na mizigo yao. Mtu aliyekuletea kuni za msiba akizibeba tena kurudi nazo, mambo yameharibika.

Kesho yake bomba la maji lilikuwa na kazi mbili, kutoa maji na kutoa maneno. Hakuna kilio kilichosikika. Hakuna nyundo. Hakuna seremala hata mmoja aliyeombwa ubao. Kitu kirefu kilitoka nyumbani kwa askari kimefunikwa shuka, na kitanda kikarudi kitupu. Ni nini kile? Mchana jibu likawa ni bunduki. Jioni zikawa bunduki na dhahabu. Kulikuwa na bwana mmoja muuza samaki wa kutoka Kasenyi, kule ziwani, sauti yake kama ngoma, akaapa kwamba aliona chuma kinachungulia chini ya shuka. Labda aliona mguu wa kitanda. Mimi sikuwepo kichwani mwake.

Shefu wa kartye, mkubwa wa mtaa wetu, akaniita barzani kwake. Nilikuta watu wamejaa, hata yule mjane alikuwamo.

"Sitwayeni," akaanza, maana ndivyo raia mwanamke alivyoitwa wakati ule, "kule kaburini mulizika nini?"

"Mume wangu."

"Ndani ya sanduku gani?"

"Hatutumii sanduku, shefu."

Watu wakacheka. Muuza samaki akasimama. "Shefu, hata masikini ya mwisho siye tunamupigilia mbao! Mutu bila sanduku, ile ni mbwa? Anakudanganya. Mule hamuna mutu."

Shefu hakuwa mtu mbaya, nimsemee haki yake. Alikuwa anaogopa. Bunduki zikikutwa kwenye kartye yake, wa kwanza kufungwa ni yeye. Akafuta jasho, akasema, "Kesho asubuhi tunaenda kufungula kaburi. Kama ni mutu, tutamufunika tena, tutakuomba musamaha. Kama ni bunduki, weye na wenzako wote munarudi kwenu."

Kurudi kwetu wakati ule ilikuwa kufa, na kila mtu barzani alijua. Lakini nawaambia ukweli, si hilo lililonitisha. Bunduki hazikuwamo, basi tusingerudishwa. Nililoliogopa ni jembe. Niliona jembe likigusa kile kitambaa cheupe, na macho ya wale waliomwita mwizi yakimwangalia usoni, naye hawezi hata kugeuza kichwa. Mtu aliyekuwa na haya hata ya kula mbele za watu! Nikamwendea mwalimu wa msikiti. Akaniambia, "Dada, sisi ni wageni. Tukibishana watasema tunaficha."

Basi kabla jua halijazama nikaenda upande wa pili wa matete. Mjane alikuwa anamenya mihogo. Hakuniangalia.

"Mama, kesho wanamfukua."

"Nilisikia."

"Na wewe unaamini kuna bunduki mle?"

"Mimi?" Akatupa ganda chini. "Mimi nilisikia kikohozi yake mvua hii yote, hapa, karibu na kichwa yangu. Bunduki haikohoake."

"Kumbe unajua! Mbona pale kwa shefu ulinyamaza?"

Ndipo akaniangalia, na nikaona kwamba ana hasira kunizidi mimi. "Sababu uliniibia. Nilikuwa naambia roho yangu, siku ile mutu atakufa, nitamulilia muzuri, sababu hana mama hapa, hana dada. Nilitayarisha kuni. Weye ukamuficha chini kama mutu asiyekuwa na majirani."

Ndugu zangu, nilikuwa nimekuja kuomba, lakini ulimi wangu mnaujua. "Majirani gani?" nikamwambia. "Kila asubuhi unavuta ndoo yako kwenye bomba! Leo ndio unataka machozi?"

Kisu kikasimama ndani ya muhogo. Nikajisemea, sasa umemaliza, umemfukuza hata huyu mmoja.

"Ile ni kweli," akasema mwishowe. Akamenya kidogo. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alimuosha?"

Nikamweleza yote. Kwamba walimwosha wanaume wa dini yake, kwa upole, upande wa kulia kwanza, kisha kushoto. Kwamba walimtia kafuri anukie vizuri. Kwamba alilazwa ubavu, uso umeelekea tunakoelekea tukiswali, na juu yake wakapanga mbao zimeinama, udongo usimwangukie.

"Iko mbao?" akauliza.

"Zipo, mama."

"Mbao," akarudia peke yake. Kisha akasema, "Rudia kwako," akaendelea na mihogo yake. Sikupata lingine. Sikulala, na sikujua kama nimepata rafiki au nimeongeza adui.

Asubuhi, desturi zetu zote nikaziacha nyumbani, nikaenda makaburini. Watu walikuwa wengi kuliko sokoni. Wanaume na majembe, muuza samaki mbele na beleshi. Mwalimu wetu alikuwa anasoma kwa kunong'ona. Shefu akatoa ishara. Muuza samaki akatema mate mikononi.

Hapo watu wakaanza kupishana. Mjane alikuwa anapita katikati yao, kitambaa cha kichwa amekifunga kiunoni, mkeka kwapani. Hakumsalimu mtu. Akafika, akatandika mkeka wake juu ya kaburi la mume wangu, akaketi.

Sasa ngojeni. Kwetu ni marufuku kuketi juu ya kaburi. Mwalimu akafungua mdomo amkataze. Nikamvuta kanzu kwa nguvu mpaka akayumba. Sijawahi kumgusa mwanamume asiye wangu, lakini siku ile nilimvuta, naye akaufunga mdomo wake, Mungu amlipe.

Yule mama akatia mikono kichwani, akapiga kilio.

"Fundi eee! Jirani yangu eee! Ulikohoa peke yako, na siye tukaziba masikio! Nani atakulilia, mutoto ya watu eee! Mama yako iko mbali, iniache nikulilie mimi!"

Mnajua kanuni ya hapa kwenu. Mama mtu mzima akishafungua kilio, ugomvi unakufa, na mwanamume hakai na chombo mkononi. Mama mwingine wa parokia akaja akaketi kando ya mkeka, akaitikia. Akaja wa tatu. Kisha sikuweza tena kuwatofautisha, walikuwa wamama tupu, wamelizunguka lile kaburi. Jembe moja likawekwa chini, na lingine. Shefu akavua kofia.

Muuza samaki alibaki amesimama na beleshi lake. "Shefu, na bunduki je?"

Mjane alikatisha kilio katikati, akageuka. "Bunduki ikohoe, tuisikie!" Halafu akaendelea kulia palepale alipoachia.

Watu walicheka huku wanalia. Shefu akasema, "Kilio imeanza. Hakuna kuchimba hapa." Na beleshi likashuka.

Na mimi, niliyebana meno tangu mkono wa mume wangu ulipopoa ndani ya wangu, nikayaachia. Nilianguka kwenye ule mkeka nikalia kama nilivyotaka kulia. Mwalimu wetu aligeuka akatazama milima. Najua alinisikia. Hajawahi kunilaumu mpaka leo.

Kuni zilirudi mlangoni kwangu jioni ile. Watu walilala kwangu wakaimba nyimbo za kanisani ambazo sikuzijua, na wanangu walishiba. Muuza samaki alikuja mwisho wa wote, akaweka samaki mlangoni, akaondoka bila neno. Sikumdai neno.

Matanga yalipoisha, mjane akaniletea kitambaa cha wamama wa parokia, kile chenye picha ya Bikira Maria. "Cherehani inakaa bure," akasema. "Shona." Nilimwambia sijui, nilikuwa namwangalia tu mume wangu. Akasema, "Basi uliangalia." Nilikikata kitambaa kile kwa hofu, mkasi usimpitie Mariamu usoni, maana ni wenu na ni wetu pia. Magauni ya kwanza yalikuwa na mabega yaliyopinda, nao wakayavaa kanisani, wakajivuna nayo. Hivyo ndivyo nilivyopata mkate wa wanangu. Sisemi kila kitu kilinyooka. Wapo ambao hadi leo nikipita wanasema kitu chini chini. Lakini ndoo yangu inagusana na ndoo za watu.

Nawashukuru. Mwalimu aliyetazama milima, shefu aliyevua kofia, wamama waliovaa mabega yaliyopinda. Na somo langu ni fupi. Jirani akizika kwa namna usiyoijua, muulize nani alimwosha, kabla hujaenda kutafuta beleshi. Na wewe mgeni, waliokuletea kuni waeleze, usiwafungie mlango na dini yako.

Yule mjane yuko humu ndani, amekataa nimtaje, na sasa ananikunjia uso. Mama, siku yako ikifika, na Mungu aicheleweshe sana, watoto wako wa Mahagi wasije wakatafuta mtu wa kufungua kilio. Dini yangu itanivumilia kwa siku hiyo moja. Nitafunga kitambaa kiunoni, na nitakulilia mpaka Kasenyi wasikie.