Paa la Banda la Kuku

ODETA: Haloo? Haloo! Ni Nkwabi huyo, au ni kuku wake?

NKWABI: Nani mwenzangu? Paza sauti, mtandao huku Igoma—

ODETA: Shemeji yako wa Magu. Au ukishapata simu ya kutelezesha kidole unasahau sauti ya mke wa kaka yako?

NKWABI: Aa, shemeji! Shikamoo.

ODETA: Marahaba. Sabina hajambo?

NKWABI: Hajambo, yupo uani anasugua masufuria. Kaka anaendeleaje?

ODETA: Analala amekaa. Ukimlaza chali pumzi inakata. Jana hospitali wamemtoa maji kifuani tena. Nilishika beseni mwenyewe.

NKWABI: Pole, shemeji. Ule unga niliokutumia, umemkorogea?

ODETA: Nimewakorogea bata.

NKWABI: Shemeji! Unga wa Dokta Alexander—

ODETA: Dokta wa wapi? Wa grupu lenu la simu! Mtu anatibu saratani, ngiri na mke mkorofi kwa kijiko kilekile, na wewe umemwachamia kama sato kwenye ndoo.

NKWABI: Watu wamepona.

ODETA: Nitajie mmoja. [nyundo inagonga] Haya. Na hicho unachogonga ni nini?

NKWABI: Navunja bati bovu la banda la kuku. Sabina kaishiwa cha kusugulia. Ukilitwanga likawa unga, sufuria inang'aa mpaka unajiona—

ODETA: Weka nyundo chini.

NKWABI: Eh?

ODETA: Nyundo chini, Nkwabi! Si yale ya simenti ya kule godauni? Mliyokuwa mkikata kwa msumeno, wewe na kaka yako Machibya, mnarudi weupe kope na masikio kama mmetoka kusagisha mahindi?

NKWABI: Ndiyo hayohayo. Tajiri alitugawia tulipoezua. Bado magumu.

ODETA: Magumu kama kichwa chako. Ile ni asbesto. Vumbi lake limekaa kifuani mwa kaka yako miaka yote hii, limetulia tu, sasa ndiyo limemea. Saratani ya utando wa mapafu. Mesotelioma. Sista Hellen wa tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu, alinitamkisha mpaka ulimi ukanyooka.

NKWABI: [anacheka, anakohoa] Wewe na darasa la saba lako, leo mesotelioma! Kaka karogwa na wale jirani wa mpaka wa shamba, kila mtu—

ODETA: Basi huyo mchawi alitumia msumeno. Na Antoni, mliyekuwa mkikata naye, naye kazikwa kwa sababu ya mpaka? Hakuwa hata na shamba!

NKWABI: [anakohoa]

ODETA: Hicho kikohozi cha lini?

NKWABI: Vumbi tu hili.

ODETA: Msibani kwa Antoni nako kulikuwa na vumbi? Ulikuwa umeshika ubavu, ukadhani wanawake tunatazama ugali tu.

NKWABI: [mtandao unakwaruza]

ODETA: Sikia. Alhamisi asubuhi sista anakaa na sisi wenye wagonjwa, kwenye mabenchi nyuma ya wodi. Hatuuziani unga pale. Anakwambia kipi kinatibika, kipi kinatulizwa. Wangu ni wa kutulizwa. Aliniambia bila kunizungusha, nikalia, akaniletea chai ya maziwa. Sasa daktari anauliza, waliokata naye wako wapi?

NKWABI: Mimi nije kufanya nini?

ODETA: Umsemee kaka yako, pumzi hana. Na ukishafika... mashine ya picha ya kifua ipo palepale.

NKWABI: Mimi mzima!

ODETA: Mzima gani, maneno matatu unahema? Mjinga mkubwa wewe. Mimi nazika mmoja, Nkwabi. Usiniongezee.

NKWABI: Shemeji...

ODETA: Salio linakwisha. Vipande vimwagie maji. Usifagie. Nguo msizikung'ute, na huo unga wa bati Sabina aache kuushika—

NKWABI: [mbali na simu] Sabina! Acha hiyo! Acha, nimesema, simama! Lete maji... hapana, usipulize! [karibu] Shemeji? Huyo sista, mtu anaulizia wapi?

ODETA: Getini, sema tiba shufaa. Nitakuwa benchi la—

NKWABI: La wapi? Haloo? Shemeji... hayo masufuria kasugua kwa unga huu tangu nimuoe. Nije naye? Haloo? Nije na Sabina?