Mama Simone na Nusu ya Pili ya Mchezo

Jambo yenu nyote, mulio hapa na mulio mbali. Afya iko namna gani? Sisi huku Lubumbashi Mungu anatushika. Vita na njaa vimetuchosha, lakini tunaamka.

Tarehe 30 Juni 2003 Mama Simone Kapya anastaafu, nyuma ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha biolojia kwenye taasisi yetu. Kwa sherehe ameomba kitu kimoja tu: Edmond, aliyefanya kazi naye zamani, atafutwe. Mimi ninaosha vyombo vya laboratwari yake, na masomo yake niliyasikia mikono ikiwa ndani ya maji.

Alifundisha seli kwa mchezo. Mwanafunzi mmoja alikuwa protini iliyochakaa. Watatu walishikana mikono, wakawa kundi la kumfunga kitambaa chekundu, ndiyo ile alama inayoitwa yubikuitini. Mwenye kufungwa alienda kuvunjwa. Edmond, mtayarishaji wetu wa laboratwari, mzaliwa wa hapa kwa wazazi waliotoka jimbo la Kasai, ndiye aliyewasukuma nje: "Kwenda! Seli haina pansioni!" Mama Simone alicheka mpaka chaki inaanguka.

Mwaka 1993 majirani wakaanza kuonyeshana vidole: huyu Mkasai si wa hapa. Edmond akapanda treni ya kwenda Kasai na watoto na godoro moja. Toka siku ile Mama Simone hakufunga mtu kitambaa. Mishahara ilikoma, vioo vya laboratwari viliibwa, yeye alifundisha ubaoni tu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu: "Papa Clément, ule muchezo ulikuwa nusu. Batu banafunga tu benzabo, hakuna wa kubakataza."

Mwaka jana mwanafunzi wake wa zamani alimtumia maandishi mapya kuhusu seli toka Ubelgiji. Aliyasoma majira yote ya mvua. Halafu vitambaa vikarudi darasani, na wachezaji wapya pamoja navyo: protini ndogo inayojibandika kwenye kundi na kuliamsha; nyingine inayoibandua, na kundi linapumzika, linaachana mikono, linajipanga upya kwa kazi nyingine. "Munaona? Hata ule mwenye kufunga iko na mwenye kumuchunga." Wanafunzi wakapiga makofi. Yeye aliangalia mlango wa chumba cha matayarisho, pale Edmond alipokuwa akitokea.

Mama, asante kwa uvumilivu wako. Bwana akupe uzee wenye usingizi mzuri na nyumba yenye wageni.

Na wewe Edmond, kama karatasi hii imekufikia, ujue anataka kukuonyesha ile nusu ya pili yeye mwenyewe. Tafadhali, utujibu upesi.